Nilivyomtafsiria Mama Mdogo

Watu wakisikia kwamba wakati wa njaa nilifanya kazi na wazungu wa misaada, wananitazama kwa heshima nisiyostahili. Nilikuwa mkalimani. Nilivaa suruali ya pasi na nilikula kila siku, wakati ndugu zangu wanalala na maji ya moto tumboni. Kiingereza nilikipata misheni kwa viboko, Kinyaturu nilikinyonya kwa mama, Kiswahili kilikuwa cha wote. Katika kambi yetu, si mbali na Mkiwa, hakuna mwingine aliyezijua lugha zote tatu, na hilo lilinipa kiburi.

Shirika letu lilitoka ng'ambo. Mkubwa wetu wa kambi, mzungu mrefu mwenye subira ya kuudhi, alinieleza siku ya kwanza kwamba shirika si serikali ya mtu yeyote. Halina bendera, askari wala mahakama. Lina mkataba uliotiwa sahihi Dar es Salaam, na mkataba unasema chakula apewe mwenye njaa, bila kuulizwa dini, kabila wala siasa. Nikamwuliza, mkataba ukivunjwa mnafanya nini? Akasema wakubwa wake watalisema jambo hilo kwenye mikutano ya mataifa, na mataifa yatasikiliza kwa sababu shirika linaaminika. Nilicheka moyoni. Mkono mtupu haulambwi, nikajiambia, na huu haukushika hata fimbo.

Ulikuwa wakati wa kuhamia vijijini. Watu walitolewa kwenye maboma yao na kwenye mashamba waliyoyalisha samadi miaka na miaka, wakapangwa kwa mistari kando ya barabara. Bwana mmoja wa wilayani, mtu wa mbali asiyejua neno la Kinyaturu, akatangaza kwamba mahindi ya msaada yatagawiwa kijijini tu. Asiyehama, asile. Sharti hilo halikuwa ndani ya mkataba. Mkubwa wangu alilijua, nami nililijua, na sote tuliendelea kupokea magunia yaliyotoka stesheni ya Manyoni.

Bibi yangu mzaa mama hakuhama, wala haukuwa ubishi. Babu alifariki mwanzoni mwa ukame, akazikwa penye zizi lake, na kwa desturi ya ukoo wetu mjane hatoki kwenye boma la marehemu mpaka inywewe pombe ya kumaliza matanga. Pombe hiyo hupikwa kwa mtama wa shamba la boma lilelile. Mvua ilipokataa, mtama haukuota. Bila mtama hakuna pombe, na bila pombe matanga hayaishi. Mama mdogo, yaani mdogo wa marehemu mama yangu, alikuwa amekwisha kuhamia kijijini na watoto wake watano. Alimbembeleza bibi apike kwa mahindi ya njano ya msaada, mambo yaishe, ahame, ale. Bibi akamjibu kwamba mume wake hakulima chakula cha kuku. Mgambo walipobomoa paa la tembe lake upande mmoja, alihamia upande wa pili pamoja na wajane wawili wa jirani.

Mtauliza kwa nini hatukumpelekea chakula. Tulimpelekea. Mama mdogo alificha unga kwenye mgongo wa mtoto, akakamatwa njiani, akalala ndani siku mbili. Mimi nilipitisha mikebe miwili ya unga kwenye mkoba wangu, na bwana wa wilayani akaniita. Akasema mkebe wa tatu nitaulia gerezani.

Ndipo ikaja habari kwamba wageni wawili wa makao makuu ya shirika, mwanamke na mwanamume, wanakuja kuona kama mkataba unafuatwa. Watawauliza wananchi wenyewe. Bwana wa wilayani aliniita tena, safari hii akanipa kiti. Aliniambia kazi yangu ni kutafsiri mambo ya chakula, siasa niwaachie wenyewe. Mkubwa wangu hakunikataza kitu. Alinisimulia tu habari za shirika moja, katika nchi nyingine, lililopiga kelele likafukuzwa kwa wiki moja, na watoto wakabaki na sahani tupu. Kisha akanitazama kwa muda. Nililichukua tazamo lile kuwa amri.

Siku hiyo wanawake walikaa chini mbele ya ghala. Mgeni mwanamke aliuliza kama kuna yeyote aliyenyimwa chakula. Nikatafsiri. Mama mdogo akasimama, mtoto mgongoni. Kiswahili cha kutosha alikuwa nacho, lakini alizungumza Kinyaturu makusudi, ili bwana wa wilayani asielewe na mimi nielewe.

"Mwanangu, waambie wageni hawa," alisema. "Mama yetu yuko kule nyuma ya mbuga na wazee wenzake wawili, wanakula majani. Hatumshtaki mtu. Lori lifike kule siku moja tu."

"Anasemaje?" bwana wa wilayani akaniuliza.

Nilisema kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kwamba mama huyu anashukuru, watoto wamepata nguvu. Wanawake waliojua Kiswahili waliinamisha vichwa. Mama mdogo hakuwa akinisikiliza mimi, alikuwa akimtazama mgeni. Mgeni aliandika, akatabasamu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Kwetu mtu hakushiki hivyo bure. Baadaye mama mdogo alinifuata nyuma ya ghala, akaniuliza wamesemaje.

"Wamesikia, mama," nilimjibu.

Alasiri ileile alipita porini akaenda kwa bibi mikono mitupu, kwa kuwa habari aliyobeba ilimtosha. Aliwaambia wazee wakae karibu na njia, wasiende mbali kuchimba mizizi, lori lisije likawapita. Wakatii. Aliporudi kule siku ya tisa alimkuta bibi na mmoja wa wenzake wamekufa. Watatu hao walikuwa wamefyeka miiba ya njia tangu ukingo wa mbuga hadi bomani, upana wa lori. Sijui walipata wapi nguvu. Nilikwenda kuzika, nikatembea juu ya njia ile, na hakuna siku nimejichukia kama siku hiyo.

Mkubwa wangu alikuja kunipa pole. Nikamwambia yote. Alikaa kwenye gunia, akasema wageni walikuja kwa ajili ya jambo lilelile. Yeye angelisema angefukuzwa, lakini serikali haifukuzi shirika kwa neno la mwananchi. Wilaya ya jirani mwananchi alisema, wageni wakaongea na wakubwa taratibu, faraghani, na malori yakafika mpaka maboma ya zamani.

"Nilikuwa nakungoja wewe," alisema.

Nilitaka kumpiga. Angeweza kuniambia waziwazi, lakini hata hilo alilifunika kwa hadithi ya nchi nyingine. Yeye alimwachia mwananchi, mwananchi aliniachia mimi, na mimi nilimwogopa mtu aliyenipa kiti. Miezi kadhaa baadaye nakala ya taarifa ya wageni ilifika kambini. Iliandikwa humo kwamba mama mmoja alisimama mbele ya wenzake akashukuru. Taarifa ile ilisomwa kwenye mikutano ya mataifa, na mkubwa wangu alisema mataifa yalisikiliza.

Mama mdogo aliishi miaka mingi baada ya hapo. Wale waliokuwepo ghalani hawakumwambia, labda kwa huruma, labda kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naandika majina ya mgao. Mimi alinipenda mpaka mwisho. Hakuwapenda wazungu. Dawa zao alizikataa, na muuguzi wa misheni akija, aligeukia ukutani. Wiki aliyofariki nilikuwa namlisha uji kwa kijiko.

"Yule mwanamke alinishika mkono," alisema. "Alisikia kila kitu, akaondoka zake. Mungu atamwuliza."

Nikamfuta midomo, nikamwambia ndiyo, mama, atamwuliza.