Vijiji Vinane kwenye Karatasi

Naikumbuka Jumamosi ile, mwanangu, kama ya jana. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, nimepanga kachumba mjini Eldoret juu ya duka la mbegu, na kompyuta niliyoinunua ikiwa imeshatumiwa na watu wawili. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza tovuti. Walioijua hapa kwetu walikuwa wachache, basi nikasifiwa sana, na unajua mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Chama cha wafugaji wa Ziwa, eneo la kwetu nyumbani, kilinipa kazi ya ukurasa wa kutangazia chanjo. Ugonjwa wa miguu na midomo ulikuwa umeingia sehemu za jirani, na daktari wa mifugo angefika kwenye josho la kuogeshea ng'ombe Jumanne, siku hiyo moja tu. Kila kijiji kilikuwa na saa yake, na kila mfugaji jina lake kwenye orodha. Vijiji vilikuwa vinane. Mimi nikavipanga kwa madaha: ukibonyeza jina la kijiji, orodha yake inafunguka taratibu na ile nyingine inajifunga. Nyuma nikaweka rangi nyeusi, herufi zikawa za kijani hafifu. Niliutazama ukurasa ule kama mtu anayetazama ndama wake wa kwanza.

Katibu wa chama alikuwa Mwalimu Jerono, mama mstaafu ambaye nusu ya Ziwa ilipita mikononi mwake darasani, mimi nikiwemo. Jumamosi hiyo alikuja mjini, akaingia saiba, duka la mtandao na mashine za kuchapisha, kuprinti orodha, kisha akapanda ngazi zangu na kuniwekea karatasi mezani. Ilikuwa moja tu. Weusi wa nyuma haukutoka, na ule ukijani ulikuwa umefifia kama chai iliyonyimwa majani. Vitufe vyangu vyote vya kubonyeza vilikuwepo, havina kazi yoyote pale. Chini yake kulikuwa na kijiji kimoja, kile kilichokuwa kimefunguliwa.

"Kiprono," akasema, "hapa naona ng'ombe za kijiji moja. Hizo zingine zimeenda wapi?"

Nikamjibu kwa kiburi cha ujana, nakiri. "Ziko zote, Mwalimu. Unabonyeza tu jina ya kijiji, inafunguka."

"Kesho nikisimama kanisani na hii karatasi, nitabonyeza wapi?"

Mwanangu, nilikosa pa kuutia uso wangu. Nilizaliwa Ziwa, nilijua kabisa mambo yanavyokwenda. Matangazo husomwa ibada ikiisha, kisha karatasi inapigiliwa msumari kwenye mlango wa kituo cha kukusanyia maziwa, ambapo kila mtu hupita asubuhi na mkebe wake. Simu za mtandao walikuwa nazo wachache. Mimi nilipamba kioo cha kompyuta nikaisahau karatasi, na karatasi ndiyo iliyokuwa mdomo wa chama.

Nikajitetea kwamba tungefungua kijiji kimoja kimoja na kuprinti mara nane. Akakataa. Akaniambia leo nipo, lakini mwezi ujao atakuja katibu mwingine asiyenijua, na kazi inayomhitaji aliyeitengeneza asimame kando yake bado haijaisha. Akasema anakwenda sokoni na saa tisa atarudi. Penye wazee haliharibiki neno, ila siku ile neno hilo lilinichoma.

Nikakaa kwenye mtandao nikiuliza na kusoma, maana mficha uchi hazai. Na hapo, we acha tu! Nikagundua kwamba ukurasa mmoja unaweza kupewa nguo mbili, moja ya kioo na nyingine ya karatasi. Tena kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti, huutaarifu ukurasa kabla haujachapishwa, nao unajibadilisha wenyewe. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Nikauagiza ukurasa wangu kwamba ukisikia unakwenda kuprintiwa, ufungue vijiji vyote vinane, ufiche vitufe, na herufi ziwe nyeusi. Ukimaliza, urudi ulivyokuwa.

Jaribio la kwanza, jina la kijiji kimoja lilibaki mwisho wa karatasi moja na watu wake wakahamia nyingine. Nikauagiza usikate kijiji katikati. Nikakimbia saiba. Karatasi tatu zikatoka, safi, kijiji baada ya kijiji, na nikapiga kelele mpaka mwenye saiba akaja kuona kama nimeungua. Furaha ile sijaipata tena kwa kazi yoyote niliyofanya.

Mwalimu alirudi, akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye kila jina. Mwishowe akanipa kikapu chake nimbebee hadi steji ya matatu. Kwa tabia yake, hayo yalikuwa makofi ya pongezi.

Jumanne nikaenda joshoni. Kijiji cha nane kilikuwa cha mwisho kuitwa, na katika watu wake alikuja bibi mmoja mjane tuliyemwita Kogo, yaani nyanya kwa lugha yetu, akimvuta kwa kamba ng'ombe mmoja, ndiye pekee aliyekuwa naye. Simu hakuwa nayo. Daktari akamuuliza nani alimwambia aje saa ile.

"Walisoma jina yangu kanisani," akasema, na akanyoosha mgongo.

Jina lake lilikuwa kwenye orodha zile zilizokuwa zimejificha. Nilienda nyuma ya uzio nikalia, na sioni haya kukuambia.

Kwa hiyo, mwanangu, wewe uliyeanza kazi hii juzi na tayari unasifiwa, nisikilize. Kabla hujasema umemaliza, uprinti ukurasa wako na uushike mkononi. Kila ulichokificha ili kioo kipendeze, jiulize ni nani anayekisubiri kwenye karatasi. Na mzee akikuuliza swali linalokufanya uone haya, usimjibu upesi. Kaa nalo mpaka likufundishe.

Mungu aibariki mikono yako. Kazi yako ifike mahali ambapo miguu yako haitafika, na mtu usiyemjua asikie jina lake likisomwa, anyanyuke, afungue kamba ya ng'ombe wake, na aje kwa wakati.