Sifuri ya Mpanga Kurasa

Mpanga kurasa wa idara yetu ya hisabati, hapa Minnesota, hutafuna karoti mbichi akiandika amri za kompyuta, na haruhusu nakala itoke bila saa chini ya ukurasa. Lugha anayoitumia inaijua tarehe ya leo, lakini saa inaijua kwa dakika tu, zilizohesabiwa tangu usiku wa manane. Yeye huzigawanya kwa sitini apate saa, kisha huchapa dakika zilizobaki.

Jana Solveig, mwanafunzi wa uzamivu, alikuja mbio kuchukua tasnifu yake, watahini wakimsubiri ghorofani. Mezani palikuwa na nakala mbili, 14:31 na 14:5, na iliyochapwa mwisho ndiyo iliyosahihishwa. Akanyakua ya 14:5. “Hamsini si ndiyo ya mwisho, mama?” alisema, tayari yuko mlangoni. “We mtoto, rudi! Hiyo ni tano! Unataka wakuchinje kwa kosa nililokwisha kulifuta?” Mpanga kurasa akampokonya, akambandika ile nyingine kifuani, akamsukuma nje. Kisha akaiinamia kibodi: dakika zikiwa chini ya kumi, tanguliza sifuri. Mashine ikatoa ukurasa wenye 15:02. Akapiga kelele korido nzima ikasikia, akapanda ngazi mbio, akafungua mlango wa watahini katikati ya swali la kwanza na kuuinua ukurasa juu. “Sifuri, Solveig! Sifuri imeingia!” Solveig, midomo mikavu, chaki mkononi, aliangua kicheko, kisha akageukia ubao na kuanza kujibu.