Ng'ombe wa Mahari Hawajafika

Juzi nilikuwa barazani hospitalini hapa Mwanza, nikingoja dawa ya kikohozi. Mama mmoja kutoka Usagara alimwonyesha tabibu uvimbe wa titi, kisha akajifunika upesi kwa kaniki yake.

"Mama, kwenu kuna mwingine aliyeugua hivi?"

"Hakuna, bwana. Kwetu wote wazima."

Binti yake aliyeketi kando akafungua mdomo. Mama akamfinya mkono.

Tabibu alipoingia ndani, binti akanong'ona, "Mama, si bibi alikufa kwa titi? Na mama mkubwa je?"

"Nyamaza! Huyo mzee anayetusikiliza unajua ni wa nani? Wakwe zako wakisikia, ng'ombe hawaji."

Nikajikohoza, nikatazama pembeni.

Nani atamlaumu? Kwetu ng'ombe hawatoki zizini kabla ukoo wa binti haujaulizwa maradhi yake. Tabibu huuliza ili atibu. Sisi huuliza ili tukatae, na mama yule tumemzoesha jibu moja tu.

Walipoondoka, binti alimshika mama yake kiuno kwa mkono mmoja. Mkono wa pili alikuwa ameuingiza ndani ya nguo yake mwenyewe, akipapasa kifua polepole.