Hita ya Mama Mkwe

Kuna aibu ambazo mtu huzikwa nazo, lakini hii yangu haizikiki, kwa sababu iliniangukia mbele ya korido nzima ya wagonjwa, na mpaka leo nikienda kununua nyama Kisaju kuna mzee mmoja wa Kimaasai ananiuliza kama nimebeba hita. Kwa hivyo wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia yake, iliyotiwa chumvi.

Mimi ni fundi wa mashine kwenye kliniki ya macho kando ya barabara ya Namanga, ukishapita Kitengela. Stima ya huku mnaijua (mvua ikinyesha inapotea, isiponyesha inapotea), ndiyo maana tuna sola na betri. Sasa daktari wetu alikuwa anachagua kati ya mashine mbili za kutoa mtoto wa jicho, hizi za mawimbi ya sauti zinazovunjavunja ule ukungu ndani ya jicho na kuufyonza: ile yetu kuukuu, tunayoiita Guka, yaani babu, na mpya iliyoletwa kwa majaribio na dada wa kampuni anayeitwa Purity. Kazi yangu ilikuwa ndogo tu. Nichomeke mita ndogo kwenye soketi ya thieta, chumba cha upasuaji, nipime Guka kwanza, halafu nipime mpya, tujue ni ipi inakula stima kidogo, maana betri zikiisha wagonjwa hurudishwa nyumbani na ukungu wao.

Na siku hiyohiyo mama mkwe wangu alikuwa kwenye foleni. Alikuwa ametoka Bungoma, na macho yalikuwa yamefika mahali ambapo hata kikombe cha chai anakitafuta kwa vidole. Mimi ni Mbukusu, na kwetu mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawalali nyumba moja, hata kutazamana usoni ni makosa (hapa Kitengela alilala kwa jirani yetu Mama Hodan, si kwangu). Mke wangu Nekesa alimfikisha asubuhi, akamkalisha kwenye benchi, akanivuta kando kabla hajakimbia kazini.

"Baba Trevor, mimi niko na mama mmoja tu. Tafadhali usimwache peke yake."

Sasa nisimwache vipi na siruhusiwi hata kumkaribia? Ilikuwa Julai, baridi ile inayopita chini ya mlango. Kila nikifika karibu na lile benchi nilikuwa nakohoa, kama mwanaume mwenye adabu anavyofanya ili mama mkwe ajitengeneze leso na kugeuka, halafu nakosa la kufanya, narudi. Mara moja niliona miguu yake tu, akiisugua mmoja kwa mwingine, na ile kitu iliniuma. Nampenda huyu mama. Aliniozesha binti yake wakati sikuwa hata na kitanda.

Ndipo nikamwita Naserian wa mapokezi, nikamwambia, "Mpelekee yule mama hita ya ofisini, uichomeke popote penye stima, na usiseme ni mimi." Popote! Nikarudi thieta nikijiona mkwe wa maana.

Stima ilikuwa imepotea, tuko kwa betri. Guka alikuwa amemaliza zamu yake, nikaandaa mita upya, tukawasha mpya, mgonjwa mmoja akaingia, akatoka. Kuangalia mita, namba iko juu sana kuliko ya Guka, nusura nipige mbinja. Nikasubiri mgonjwa wa pili nihakikishe, ikazidi kupanda. Fundi mwenye akili angejiuliza. Mimi nilifurahi, kwa sababu nampenda Guka, nimemfungua na kumfunga miaka mingi. Nikatoka mpaka korido, mgongo kwa upande wa lile benchi (mila), nikamtangazia daktari kwa sauti ya mchungaji.

"Daktari, hii mashine mpya ni fisi! Inakula stima kuliko poshomili ya kusaga mahindi!"

"Wafula, haiwezekani," Purity akasema. "Tumeipima mara nyingi."

"Dada yangu, mita haina undugu na mtu."

Watu wakacheka. Daktari akaenda kuangalia betri, akarudi uso umeanguka. "Zimeshuka sana, hata Guka hazimfikishi mbali. Waliobaki, poleni, itabidi mrudi wiki ijayo."

Nyuma yangu nikasikia mama mkwe akiinuka polepole. Akasema bila kulalamika, "Sawa, mwanangu. Giza nimelizoea." Nilitamani sakafu inimeze, na hapo sikuwa bado najua kosa ni la nani.

Purity ndiye aliyejua. Kwa hasira aliinama, akafuata waya kutoka kwa mita mpaka ekstensheni, na kutoka kwa ekstensheni akakuta waya mwingine umepita chini ya mlango wa thieta. Akatambaa nao koridoni, watu wakiinua miguu mmoja baada ya mwingine, mpaka ukaishia kwa hita, nyekundu, mbele ya miguu ya mama mkwe, mahali pekee ambapo sikuwa nimegeuza macho tangu asubuhi. Soketi za korido haziko kwa betri. Naserian alitafuta penye stima, akapapata.

"Nani ameweka hita kwa stima ya thieta?" daktari akauliza.

Naserian akaniangalia. Mimi nikaangalia dari.

"Msimgombeze," mama mkwe akasema. "Ni mkwe wangu huyo. Alidhani sijui yuko hapa. Tangu asubuhi anakuja, anakohoa, anarudi, anakuja, anakohoa, anarudi. Alikuwa anasikia baridi yangu."

Korido ililipuka kwa kicheko, yule mzee wa Kisaju, naye alikuwa kwenye foleni, akapiga rungu lake chini. Nilimwomba Purity msamaha mbele ya wote, na akacheka mpaka akatoa machozi. Tulizima hita, na saa sita jua lilitoka, betri zikaanza kurudi. Tukapima kwa haki, mpya ikamshinda Guka kabisa, na mama mkwe akaingizwa mwisho kabisa. Mila haikuniruhusu kuingia naye, kwa hivyo nilisimama mlangoni nikilinda ule waya, na hata kukohoa niliogopa.

Kesho yake daktari alimtoa bandeji, Naserian akiwa kando. Mimi nilikuwa mwisho wa korido, nimejifanya natengeneza taa. Mama mkwe alipepesa, akatazama mikono yake, akatazama dirisha, halafu akanitazama mimi, usoni, mara moja tu, kisha akajifunika leso na kugeukia ukuta.

"Naserian," akasema, "mwambie yule fundi amekonda. Nekesa ampikie."

Tangu hapo neno popote nimeliacha kabisa. Kuhusu kikohozi, siku hizi nikikohoa mlangoni kwa Mama Hodan, mama mkwe naye huko ndani anakohoa.