Kiti cha Jirani

Ofisini kwetu alikuwa na jina moja tu, Jirani. Hata marehemu mkewe, alipopiga simu kuuliza kama atachelewa kurudi, aliomba kuzungumza na Jirani, na sisi hatukuona ajabu.

Alikuwa mwanasaikolojia. Watu wakisikia hivyo hudhani ni mtu wa kuwatuliza waliovurugikiwa. Jirani hakuwahi kumtuliza mtu kwa mshahara. Kazi yake, kwa miaka kumi na tisa, ilikuwa kumsoma mtu mmoja ambaye hakuwahi hata kupeana naye mkono: mtawala wa nchi iliyo ng'ambo ya mto wetu wa mpakani, ambaye ofisini tulimwita Jemadari. Jirani alikuwa na chumba ghorofa ya tatu, dirisha moja linalotazama ukuta, televisheni, na kabati la chuma lililojaa madaftari. Humo alisikiliza hotuba za Jemadari, akazirudia, akahesabu mara ngapi anajitaja yeye mwenyewe na mara ngapi anasema "sisi". Alikuwa amegundua jambo ambalo majasusi wenye magari makubwa hawakuligundua: Jemadari akijitaja sana na kutukana, anaogopa, anatafuta bei. Akinyamaza siku kadhaa, kisha akatoka na hotuba fupi ya "sisi" tupu, ameshaamua. Ilikuwa hivyo mara saba, na mara zote saba Jirani aliwaambia wakuu mapema.

Aliwaambia akiwa kwenye kiti. Hapa lazima nieleze, maana kila kitu kiliharibikia kwenye kiti hicho. Kila Jumatatu saa nne asubuhi tulikuwa na kikao cha tathmini. Meza ndefu, viti kumi na viwili, na kimoja kimetengwa upande wa mlangoni, kitambaa chake kimechanika pembeni. Anayekalia kiti hicho haruhusiwi kusema "nadhani Jemadari atafanya hivi." Anasema "nitafanya." Anakuwa Jemadari. Sababu yake si mchezo. Mtu akimzungumzia adui kwa mbali, bila kujua anamvika akili yake mwenyewe, anamfanya atake anachokitaka yeye na aogope anachokiogopa yeye. Kiti kiliwekwa kuzuia hilo.

Mimi nilikuwa mwandishi wa kumbukumbu za kikao, na utaratibu ulinipa jukumu moja la ziada. Nikisikia aliyeko kitini ameteleza, ameacha kusema kama Jemadari na anasema kama yeye mwenyewe, ni lazima niinue kalamu na kuuliza, "Anayesema ni nani?" Hapo hata Mkuu wa Idara hunyamaza. Aliyeko kitini anaanza upya, au anainuka. Miaka yote hiyo nilimwuliza Jirani mara mbili tu, na mara zote mbili alinishukuru.

Alikuwa fundi, jamani. Akikaa pale alitanua magoti, akaweka viganja vyote viwili mezani, na shingo yenyewe ilinenepa. Siku moja mhudumu alimletea chai, akaisukuma mbali. "Mimi sinywi chai ya maadui." Wakuu walicheka mpaka wakafuta machozi. Kikao kilipokwisha akamfuata mhudumu koridoni, mpole kama kawaida yake, akaomba kile kikombe.

Nje ya kazi alikuwa na mtu mmoja wa damu, mdogo wake wa kike, fundi cherehani anayeshona sare za shule, mjane. Na huyo mdogo wake alikuwa na binti mmoja, askari, dereva wa gari la maji katika kambi yetu ya darajani, pale pale mtoni. Jirani alimpenda yule mpwa wake kupita kiasi. Alibandika picha yake ndani ya mlango wa kabati la madaftari, amesimama mbele ya gari lake, kofia kaivaa kombo.

Mwaka ule mto ulikuwa umegombaniwa tena. Jumamosi moja mdogo wake alimwita nyumbani. Binti alikuwa ameletewa fomu ya uhamisho kwenda makao makuu, aijaze au aikatae, mwisho Jumatatu. Akikubali, angeondoka darajani Jumanne. Akikataa, angemaliza miezi miwili iliyobaki na kupanda cheo. Binti mwenyewe alitaka cheo. Mama alitaka kulala usingizi.

"Kaka, wewe ndiye unayemjua yule mtu," mdogo wake alimwambia. "Niambie ukweli. Nimwambie atoke?"

Jirani alimwambia amwache amalize, ni miezi miwili tu, pale hapana kitu. Na Jumamosi ile hakudanganya. Wiki nzima Jemadari alikuwa ametukana redioni na kujitaja yeye mwenyewe kama jogoo. Dalili zote zilikuwa za mtu anayetafuta bei. Tangu Ijumaa alikuwa amenyamaza, lakini siku moja ya ukimya si kitu.

Haya yote alinisimulia Jumatatu asubuhi, tukisubiri birika lichemke. "Nimemtuliza mdogo wangu," alisema. "Leo binti anairudisha fomu, amekataa uhamisho." Nikamwuliza kama ameisikia hotuba ya jana jioni. Akasema ameisikia. Kisha akawa anapuliza chai ambayo hajaimimina bado.

Nami nilikuwa nimeisikia. Ilikuwa ya dakika nne.

Kikaoni swali lilikuwa moja. Wakuu walitaka kusogeza kikosi chetu mpaka katikati ya daraja Jumatano na kusimika bendera. Daftari la Jirani lilikuwa wazi mbele yake, na kutoka nilipokaa niliweza kusoma ukurasa: anajitaja, sifuri, sisi, kumi na moja.

"Jemadari," Mkuu wa Idara akamwuliza, "askari wetu wakisogea mpaka katikati ya daraja, utafanya nini?"

Jirani hakutanua magoti. Alikaa mikono kaibana katikati ya mapaja, kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Nitapiga kelele," alisema. "Nitawaita mabalozi. Nitatukana. Lakini sitapiga risasi. Pale darajani kuna watoto wa watu, kila mmoja ana mama yake."

Nikainua kalamu. Jemadari, katika hotuba zote zilizojaa kwenye lile kabati, hakuwahi kumtaja mama wa mtu. Yule alikuwa mjomba anayezungumza. Alikuwa ameshampa mdogo wake neno lake, na tangu hapo ushahidi wote uliokuja aliupokea kwa mlango nusu wazi. Mwenyewe alikuwa akiwafundisha vijana wapya jambo hilohilo, kwamba mtu akishaahidi huacha kuona. Aliwafundisha vizuri, kwa mifano ya watawala na majemadari wa nchi za mbali.

Alinitazama. Aliiona kalamu. Macho yake yalikuwa yananiomba, sijui yananiomba niulize au nisiulize, na mpaka leo nalitafuta jibu. Nilimwonea huruma. Nikajiambia anajua zaidi yangu, mimi ni nani. Nikajitia hamnazo, nikainamisha kichwa, nikaandika: Hatapiga risasi.

Jumatano saa tatu asubuhi walipiga. Walikufa tisa. Gari la maji lilikuwa limeegeshwa nyuma ya kikosi, dereva akiwa ndani, anasubiri zamu yake ya kujaza matangi.

Uchunguzi ulifanyika, kama ambavyo hufanyika. Ripoti ikasema taarifa zilizokuwepo hazikutosha. Zilitosha kabisa, ziliandikwa kwa kalamu ya wino mweusi kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Hakuna aliyemwaga unga. Jirani alistaafu mapema, akaondoka na picha ya mpwa wake, akaacha madaftari.

Miezi mitatu baadaye alinijia nyumbani. Alikuwa amekonda mpaka shati linamning'inia. Alitaka nakala ya kumbukumbu za Jumatatu ile, na alitaka twende pamoja kwa mdogo wake. "Usome wewe," alisema. "Mimi sauti haitatoka." Nilikiuka kanuni zote za ofisi, nikaichukua nakala, nikaitia kwenye bahasha, akaificha ndani ya koti.

Tulimkuta mdogo wake kwenye cherehani, lundo la sare za bluu miguuni. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Wewe ndiye unayefanya kazi na kaka yangu? Ahsante kwa kuja. Usimwone amekwisha hivi, dada. Wale wakubwa zake walimficha. Watu wananiambia mengi, mimi nawajibu, kaka yangu angejua angeniambia. Hapo tu ndipo ninaposhikilia."

Kisha akamgeukia kaka yake, akamfunga kifungo cha koti kilichofunguka, palepale juu ya bahasha. "Mmeniletea nini, kaka?"

"Tumekuja kukujulia hali tu," Jirani alisema.

Tulikaa nusu saa tukizungumzia vitambaa. Tulipotoka, barabarani, akaanza kusema mwenyewe kabla sijamwuliza. "Umeona. Nikimpokonya hilo, atabaki na nini? Nimenyamaza kwa ajili yake."

Nikasimama. Hasira ilinipanda, nikamwuliza kwa sauti mpaka mpita njia akageuka. "Mzee, anayesema ni nani?"

"Mimi," alisema. "Anayesema ni mimi. Naogopa."

Nikangoja arudi kule tulikotoka. Alitoa bahasha, akanikabidhi, akaendelea na safari yake kwenda kituo cha basi.

Siku hizi anaishi kwa huyo mdogo wake. Ndiye anayempikia na kumfulia, na mara mojamoja hunipigia simu kunieleza kwamba kaka yake sasa anakula, kwamba juzi alimsaidia kukata vitambaa. Ananiita mtu mwema. Bahasha iko kwenye droo yangu, na chini ya ukurasa wa mwisho, mahali pa mwandishi, kuna sahihi yangu inayothibitisha kwamba yote yaliyoandikwa ni sahihi. Kila Jumamosi nasema leo nitaipeleka. Halafu najiambia wamepata utulivu wao, kuwavuruga ni ukatili, ninanyamaza kwa ajili yao. Naishi peke yangu, na hapa hakuna wa kuinua kalamu akaniuliza.