Vidonge Vyangu Alivyomeza Baba

Vita vya Kongo vilikuwa bado vinaendelea ng'ambo ya mto wa mpakani baba yangu alipoanza kushindwa na mlima. Akitoka Cyangugu kurudi nyumbani kwetu Kamembe alisimama mara tatu, mkono kifuani, akijifanya anaangalia ziwa. Vita vilikuwa vimeshanichukulia mama na kaka zangu wawili kabla hatujarudi kutoka Bukavu. Huyu mmoja aliyebaki sikuwa tayari kumtoa, hata kwa Mungu, na Mungu nilimwambia hivyo waziwazi kanisani.

Kwetu mtu akihema, kila jirani ni daktari: damu imepungua. Tulimlisha maini na mboga za lengalenga, tukamnywesha maji mekundu ya beteravu mpaka akaogopa mkojo wake mwenyewe. Hali haikubadilika.

Wakati huo nilikuwa na mimba ya miezi minne, na kliniki ilikuwa ikinipa vidonge vya chuma vya kuongeza damu. Nikaanza kumpa baba kidonge changu kila asubuhi, pamoja na chai.

"Ni dawa gani hii?"

"Ya damu, Papa. Kunywa."

"Na weye, yako?"

"Nilishakunywa."

Nilimdanganya hivyo miezi mitatu, bila kupepesa macho.

Kifua kilizidi kumbana. Alikataa kwenda hospitali, nikamwambia nitambeba mgongoni na tumbo langu lile, na alijua sitanii. Daktari alimpima akasema damu anayo tele. Mishipa ya moyo ndiyo iliyokuwa imeziba nusu. Nikaungama habari ya vidonge, baba akisikia. Daktari alisema hata wataalamu bado wanabishana kama chuma kikizidi mwilini huharibu mishipa hiyo, ila mtu asiyepungukiwa hana sababu ya kuongezewa. Kisha akanivuta kope la chini, akatazama.

"Maman, ni weye hauna damu."

Kuanzia kesho yake baba alinisimamia nikimeza vidonge vyangu, kisha akaniamuru nifungue kinywa, mimi mwanamke mzima niliyeolewa. Naye alimeza dawa zake za moyo bila ubishi.

Lakini tulikuwa tumechelewa. Nilipojifungua mtoto alitoka mzima, ila damu ilitoka nyingi, na yangu ilikuwa kidogo tangu mwanzo. Nilisikia daktari akisema nahitaji kuongezewa upesi. Baba aliingia akisukumana na muuguzi, mkono wa shati umekunjwa hadi begani.

"Mukamate damu yangu. Ile damu ni yake, miye nilimeza tu."

Daktari alimwambia moyo wake hauwezi. Baba akasema moyo ni wake, anajua mwenyewe. Nikakusanya nguvu zote nilizobakiwa nazo nikamfokea: "Papa, kaa chini!"

Aliketi. Damu akatoa mume wangu. Baba alibaki ameunyoosha mkono ule juu ya goti, analia mbele ya watu, yeye ambaye hata mama tulipomzika hakulia.