Mkono Ulioloweka Jin ya Bingwa

Shemeji yangu simpendi, na sioni sababu ya kulificha hilo. Nimejaribu miaka kumi na saba, tangu amwoe dada yangu, nimeshindwa. Kule hotelini anakofanya kazi ya kaunta wanamwita Bingwa, na jina hilo limemvimbisha kichwa hadi nyumbani anataka aitwe hivyohivyo. Ubingwa wenyewe ni wa kinywaji kimoja: jin iliyolowekwa mrehani na rozimari, ikakamuliwa ndimu, ikatiwa shira kidogo na barafu. Wageni wengine huiagiza hata kabla hawajaonyeshwa vyumba vyao. Bingwa huwamiminia kwa mikogo, akiwaeleza kwamba jin ile hailowekwi hotelini, anailoweka mwenyewe nyumbani kwake, kwa mkono wake.

Mkono wake! Mkono wa dada yangu huo.

Dada ni fundi cherehani. Anashona sare za shule sebuleni, na nyuzi zimemjaa hadi kwenye nywele. Pombe haonji, lakini ana pua ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Akiingia tu mlangoni anajua kama maziwa yaliyofunikwa jikoni yameanza kuchacha. Mwaka wa pili wa ndoa yao shemeji alileta jin na majani, akaharibu chupa mbili, akamgombeza kila aliyekuwa karibu, akaenda kulala. Dada aliichukua chupa ya tatu ili ugomvi uishe. Tangu siku hiyo kazi ikawa yake, na sifa zikawa za mwenzake.

Namna anavyofanya naijua, maana huwa naenda kumsaidia kukunja pindo. Anachuma majani asubuhi, umande ukishakauka na jua bado halijawa kali. Hayapondi. Anayapiga kofi moja tu kati ya viganja, anasema ni kuyaamsha, kisha anayatia kwenye chupa ya mdomo mpana pamoja na ganda la ndimu lililomenywa jembamba, bila ule weupe wa ndani. Anamimina jin, anafunika, anaiweka kabatini nyuma ya vitambaa. Ikifika saa tisa alasiri anaacha cherehani, anafungua chupa, anadondosha tone nyuma ya kiganja na kunusa. Hapo hapo anayatoa majani yote na kuichuja jin kwa kitambaa cha pamba, kwa sababu yakizidi hapo yanaleta uchungu. Ikishachujwa inarudi kabatini, inatulia siku tatu.

Shemeji alichokijua ni hizo siku tatu tu. Kila akiuliza, "Bado?" dada humjibu, "Siku tatu." Lile kabati hakuwahi kulifungua, kwa kuwa ndani mna vitambaa, na vitambaa kwake ni mambo ya wanawake.

Basi mkuu wa kaunta akastaafu. Shemeji akaanza kukitolea macho kile cheo, akawa hata usingizini anatoa amri. Meneja wa hoteli, mama mmoja asiyecheka ovyo, akamwambia kwamba cheo ni chake iwapo ataridhika na kazi yake. Jumamosi alasiri angekuja nyumbani kuionja jin palepale inapotengenezewa. Shemeji alituletea habari hiyo siku ya Jumatano, anatembea kifua mbele.

"Baba watoto, nitailoweka," dada akasema, macho yakiwa kwenye shati alilokuwa anashona. "Ila Jumamosi umwambie meneja kwamba ninayeiloweka ni mimi. Neno moja tu, tena nikiwepo."

"Ili iweje?"

"Ili ajue."

"Akishajua, mimi nitakuwa mkuu wa nini? Wa kumimina? Wewe shona, mama, mambo ya kaunta niachie."

Nilishindwa kunyamaza. "Shemeji, amekuomba neno, hajakuomba figo."

"Na wewe umekuja kukunja pindo au kuchochea?"

"Nimekuja kwa yote mawili."

Dada akaisimamisha cherehani. Akamtazama mumewe, akasema, "Basi loweka mwenyewe, Bingwa." Sikuwahi kumsikia akimwita hivyo hata siku moja.

Naye akaloweka, tena kwa hasira. Majani aliyatwanga kwenye kinu cha vitunguu saumu hadi yakawa uji wa kijani. Ndimu aliikata vipande vinene, na weupe wake wote. Akashindilia vyote ndani ya chupa, akamimina jin, akaiweka juu ya friji na kutangaza, "Siku tatu!" Mimi na dada tukatazamana. Siku tatu majani yakiwa ndani! Nitasema kweli: nilifurahi. Nilifurahi hadi nikaogopa furaha yangu.

"Hutamwambia?" nikamnong'oneza dada.

"Nimwambie nini? Miaka kumi na mitano anaishi na hilo kabati."

Siku ya Ijumaa shemeji alifungua chupa, akanusa, akasema, "Safi kabisa!" Sigara zilishaiua pua yake zamani.

Jumamosi meneja alifika kwa wakati, akaketi kwenye kiti tulichokiondolea marundo ya sare. Shemeji alivaa shati la kazini. Akachuja, akakamua ndimu, akatia shira na barafu, akatikisa hadi vikombe vikagongana rafuni, akammiminia kwenye glasi ya wageni. Jin ilikuwa na rangi ya maji ya bwawa.

Meneja akanywa funda moja, akaiweka glasi mezani taratibu.

"Bingwa, hii ni dawa ya minyoo?"

Shemeji akacheka, akaona mwenzake hacheki. Akaichukua ile glasi, akaonja, na uso ukamkunjamana. Jasho likamtoka. Alitazama chupa, akanitazama mimi, kisha akanyoosha kidole kuelekea kwenye cherehani.

"Ni mke wangu huyu, bosi. Majani huwa namwachia yeye ayashughulikie. Leo ameniharibia."

Niliinuka na mkasi mkononi. "We mwongo mkubwa!"

Dada akanivuta gauni, nikakaa.

Meneja akamgeukia dada. "Kumbe anayeloweka ni wewe, mama? Hata ile ninayoinywa kule hotelini?"

Lile neno alilolilia dada lilikuwa limefika, limefika limepakwa matope. Nilitamani aseme ndiyo, afungue kabati, amwonyeshe yule mama jinsi kazi inavyofanywa. Shemeji naye alikuwa anamtazama kwa macho ya kuomba. Kwa ndiyo hiyo moja dada angeweza kumwokoa mumewe, na angeweza kujiokoa mwenyewe.

"Hapana, bosi," dada akasema. "Mimi ni fundi cherehani. Jin ni ya mume wangu, aliiloweka peke yake, na mdogo wangu alikuwepo. Muulize."

Meneja akanigeukia. Nikasema, "Nilimwona kwa macho yangu." Na haukuwa uongo.

Meneja akashukuru kwa kukaribishwa, akachukua mkoba wake. Mlangoni alimwambia shemeji kwamba kile cheo atakitafutia mtu mwingine, na kwamba kuanzia Jumatatu jin ya kulowekwa nyumbani haitakanyaga hotelini. Shemeji akabaki amesimama, glasi mkononi. Nilicheka hadi mbavu zikaniuma.

Nilipogeuka kumgongea dada mkono, nilimkuta ameinamia shati la mtoto wa watu, anajaribu kutunga uzi kwenye sindano ya mkono. Mara ya kwanza ukakosa tundu, mara ya pili ukakosa. Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye kola.

"Nimemnyima cheo, sivyo?" akaniuliza.

"Umemnyima, dada."

"Na mimi je, sijajinyima?"

Nikamnyang'anya sindano, nikamtungia uzi.